Magoti Paka, Uso Uache

Machakos,
Jumatatu, baada ya kazi

Mwende mwanangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba kitu kimoja: maneno haya yabaki kati yetu wawili. Usiyasome bwenini kwa sauti, usimwonyeshe rafiki hata akiapa, na ukimaliza ikunje barua uitie chini kabisa ya sanduku, au uichome ukiona heri. Ndani yake nimemtaja susu yako, yaani bibi yako mzaa mama, nimemtaja shangazi yako, na nimejitaja mimi kuliko wote. Unanijua nilivyo mwoga. Hata sasa nimebaki ofisini peke yangu, karatasi nimeinunua dukani kwa pesa yangu asije mtu akasema ni ya serikali, na bado mlango ukilia tu ninaifunika kwa faili.

Habari ya godoro, ndoo, kufuli na viatu tulishazungumza mpaka ukaniambia, "Baba, hiyo umesema jana, na juzi pia." Ni kweli. Sitarudia. Kesho jioni utakuwa ng'ambo ya Kithimani, kwenye shule ambayo uliichagua mwenyewe na ikakuchagua, na mimi nataka kukuandikia juu ya uso wako. Na uso wangu pia, maana huwezi kuelewa mmoja bila mwingine.

Mama yako alipotutoka ulikuwa mdogo, ulikuwa bado unalia ukivuliwa sweta. Siku watu walipokuwa wanatawanyika baada ya mazishi, susu yako alinishika mkono mbele ya ndugu zake wote wa Wamunyu akasema, "Kioko, mwanamume hawezi kulea msichana. Nakuachia kwa sasa kwa sababu unalia. Lakini siku nitakayomkuta mjukuu wangu amepauka, ninamfunga nguo zake ninaondoka naye."

Kwetu huku, mwanangu, kupauka si ngozi kavu tu. Mtoto akionekana na magoti meupe ya vumbi, kina mama kanisani wanamtazama yeye, halafu wanageuza macho polepole wanamtazama aliyemleta. Mimi niliogopa macho hayo kuliko ninavyomwogopa mkaguzi wa hesabu. Basi nikanunua kopo kubwa la mafuta mazito, na kila asubuhi kabla ya shule nikakupaka miguu, mikono, na uso nikauzidishia. Nilikupaka mpaka ukang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mama Mutheu, jirani yetu, alikuwa anasema kwa sauti ili njia nzima isikie, "Karani, huyu wako akipita mimi najiona sura!" Nami nikarudi ndani nikiwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

Hilo kopo ndilo lililotulinda miaka yote. Au ndivyo nilivyoamini. Susu alipokuja kututembelea alianza na visigino vyako, akaja viwiko, akamalizia paji la uso, na kila alipogusa kidole kiliteleza. Aliondoka bila kukufunga nguo. Unaona kwa nini sikuweza kulifikiria vibaya lile kopo.

Halafu ukaingia darasa la saba na chunusi zikaja. Kwanza kwenye paji la uso, pale ambapo mafuta ya nywele yalikuwa yanashuka kukutana na mafuta ya uso, kisha mashavuni. Mimi nikafanya nini? Nikaongeza mafuta. Nilidhani ngozi imechokozwa na jua la huku kwetu, inataka kulainishwa. Zilipozidi nikageuka upande wa pili. Nikakuletea sabuni ya kufulia nguo na kile kipande cha wavu wa gunia la vitunguu, nikakwambia usugue mpaka uchafu utoke. Ulisugua mpaka ukalia. Kisha asubuhi, juu ya ngozi iliyochubuka, nikapaka tena mafuta, kwa sababu ungewezaje kwenda shule bila kung'aa? Nikasikia mtu akisema ni mayai, nikakukataza mayai. Nikasikia mwingine akisema ni mawazo ya wavulana, nikakukalisha chini nikakuuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inifunike. Ulinijibu, "Baba, wavulana wenyewe wananikimbia!"

Huo ndio mwaka ambao ulichaguliwa kughani shairi kwenye mashindano ya wilaya, ukakataa. Mwalimu alinijia mpaka hapa ofisini. Alisema hajapata kusikia mtoto mwenye sauti kama yako, na sasa anakaa nyuma ya darasa na mkono shavuni kama mwenye jino bovu. Nilipokuuliza, uliniambia, "Siendi kusimama mbele ya watu watazame uso badala ya kusikiliza." Nilikuwa nimekaa maisha yangu yote juu ya maneno hayo hayo.

Hujawahi kuniuliza mashimo haya ya mashavuni niliyapata wapi. Nadhani ulidhani nilizaliwa nayo. Niliyachimba mwenyewe, kwa kucha, mbele ya kioo kidogo, nilipokuwa kidato cha pili. Chunusi zangu zilikuwa kubwa, zile za ndani zinazouma hata ukicheka. Hakuna aliyeniambia kwamba hizo ni za kupelekwa hospitali. Nilizikamua kila moja nikiamini nimeishinda, na kila moja ikaniachia shimo. Wavulana wakanipa jina la Murram, kama ile barabara isiyo na lami. "Murram, leo umemwagiwa maji?" Nilicheka nao. Nilifaulu mitihani yangu vizuri, nikapata kazi hii, na siku ya kwanza mkubwa wa ofisi akaniuliza, "Kijana, unaandika vizuri na unajua kuongea na watu. Nikuweke kaunta?" Nikasema napenda zaidi masijala. Ndiyo, masijala, huko nyuma, mimi na rafu na vumbi la faili. Ameniuliza mara nyingine baada ya hapo, nami kila mara nikasema kuna kazi sijamaliza.

Kwa hiyo uliposema huwezi kusimama mbele ya watu, nilijiona mimi mwenyewe nimevaa sketi ya shule. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Ujasiri haukuwepo, nilisukumwa na woga mkubwa kuliko ule wa macho ya kina mama.

Yule daktari kijana wa kliniki ya ngozi utakuwa unamkumbuka, aliyekuwa anakula njugu za mfukoni. Alikupitisha kidole kwenye paji la uso, akakitazama kidole kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Mzee, nani anampaka huyu mafuta?"

"Ni mimi, daktari."

"Nyumbani huwa mnakaangia mandazi hapa usoni?"

Ukacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chako, nami nikacheka ingawa aliyechekwa ni mimi. Kisha akatueleza bila haraka. Kwamba katika umri wako ngozi huanza kutengeneza mafuta yake yenyewe, mengi. Kwamba yakizibiwa njia ndipo chunusi huota. Kwamba si uchafu, si laana, si mayai, na wala si wavulana. Mimi nilikuwa naziba kila tundu kila asubuhi kwa upendo wangu wote. "Umemlea vizuri," aliniambia, "ila umemlea kwa kopo."

Aliyotuagiza yalikuwa madogo mpaka nikadhani ametuficha kitu. Kunawa uso asubuhi na jioni kwa sabuni ya kuogea isiyo kali na vidole tu, bila wavu, bila kusugua. Kujipangusa kwa kugusagusa na taulo ambalo ni lako peke yako. Mafuta ya nywele yasivuke mpaka wa nywele. Jioni, uso ukishakauka, dawa ile ya krimu, kidogo sana, kwenye eneo lote zinapoota, siyo kudonadona zile zilizotoka tayari. Ngozi ikikauka kupita kiasi, upake losheni nyepesi ambayo haina mafuta mazito, na dawa upumzishe kwa jioni moja ndipo urudi. Mikono isiguse, kucha zisikamue. Na alirudia neno moja ambalo ndilo gumu kuliko yote: kungoja. Alisema wiki za kwanza tutamchukia. Alisema wengi huacha pale pale ambapo ngozi inakaribia kutulia.

Tulimchukia kweli. Krimu iliwasha, ikakuchuna ngozi puani, ikaacha madoa meupe kwenye lile taulo la buluu, na chunusi zikaonekana kama zimealika ndugu zao. Na uso wako, Mwende, ulipauka. Kwa mara ya kwanza maishani mwako ulitoka nyumbani hung'ai. Mama Mutheu aliniuliza kwenye foleni ya maji, kwa upole unaochoma, "Karani, mambo ni magumu? Ungesema nikuazime mafuta."

Ndipo susu akaja.

Hakuketi. Alikushika kidevu, akakugeuza kulia na kushoto kama anayekagua kibuyu sokoni, akasema, "Aiii! Binti yangu yuko mchangani, na mtoto wake anapauka kama muhogo uliosahauliwa juani. Kioko, nilikuambia nini?" Nikajaribu kueleza habari ya daktari. Akasema, "Daktari ana watoto wangapi?" Kisha akatamka lile nililokuwa nimeliogopa tangu mazishi: shule zikifungwa, anakuja na mjomba wako kukuchukua, uhamie Wamunyu.

Hapa ndipo panaponifanya nikuombe siri. Alipolala, nilishusha kopo kutoka juu ya kabati nikakuita. Nilitaka uamke unang'aa. Nilikuwa tayari kuharibu kazi yetu yote kwa sababu ya mama mmoja mzee. Uliutazama mkono wangu wenye mafuta, ukaushika, ukaupangusa kwa upindo wa leso yako, ukasema, "Baba, tulikubaliana." Nimesoma vitabu vingi kuliko wewe, lakini siku hiyo mtu mzima ndani ya nyumba ile hakuwa mimi.

Asubuhi nikamwambia susu angoje mpaka mashindano ya mashairi ya mwaka ule mpya. Ulikuwa umemwahidi mwalimu wako kwamba utajaribu. Nikasema aje amwone mjukuu wake akiwa amesimama, ndipo aamue. Akakubali shingo upande.

Shangazi yako Syombua naye aliposikia akapanda gari kutoka Athi River, huko anakoshona nguo kiwandani, akaniletea tyubu ya krimu ya kung'arisha ngozi. Unaijua. "Kioko, wacha mchezo," alininong'oneza jikoni. "Wasichana wote wa kazini wanapaka. Wiki moja, uso unakuwa mweupe laini kama chungwa lililomenywa. Susu hatakuwa na la kusema." Niliipokea. Niliiweka nyuma ya redio, na kila nilipotaka kusikiliza habari niliiona. Wewe ukaiona pia. Nilidhani utaitaka, na nisingekukatalia. Badala yake ulimngoja shangazi yako atoke kuoga kabla hajajipaka poda, ukamwuliza kwa heshima yote, "Shangazi, na wewe ulianza na wiki moja?"

Mashavu yake yalikuwa mekundu, mishipa inaonekana kama ramani, na chunusi ndogondogo zimejaa kidevuni. Akakaa kwenye stuli akatuambia ukweli: kwamba mwezi wa kwanza kila mtu alimsifu, kwamba alipoacha uso uliwaka moto, kwamba sasa hawezi kukaa juani wala karibu na jiko, na akiacha kupaka hata siku chache chunusi zinarudi nyingi kuliko za kwanza. Tyubu tuliitupa chooni sote watatu, kama watu wanaomzika mbwa. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikukumbushe, ila si mtu mwingine. Siku hizi anakwenda kwa daktari yule yule wa njugu, na pole pole anapona. Bwenini itakuja tyubu, mwanangu. Itakuja mikononi mwa msichana mwema, anayekupenda, mwenye uso unaosifiwa na kila mtu. Mpende, ila mkumbuke Syombua kwenye stuli.

Sasa nifike pale ninapopapenda.

Siku ya mashindano nilikaa na susu benchi la tatu. Chunusi hazikuwa zimeisha zote, zilikuwepo mbili tatu kidevuni, na alama nyeusi zilibaki mashavuni, zile ambazo daktari alisema zitafifia zenyewe zisipochokozwa. Wasichana wa shule nyingine walipanda wakiwa wanang'aa kama sahani. Wewe ukapanda na uso wako mkavu, safi, uliotulia, mikono miwili chini, hakuna uliokuwa shavuni. Nyuma yetu mama mmoja akasema, "Huyu mbona hajapakwa?" Mwili wangu wote ukajiandaa kuona aibu. Nikaingoja aibu. Haikuja. Ukaanza kughani na ukumbi ukanyamaza, hata yule mama. Ulipofika ubeti wa mwisho ukainua kidevu, chunusi na vyote, na watu wakasimama. Susu alisimama kabla yangu. Jina lako lilipotajwa la kwanza alipiga vigelegele vya kuchana paa, akawa anawaambia watu asiowajua, "Ni wangu huyo! Ni wangu!"

Nje alikuita. Akaupitisha mgongo wa kiganja shavuni kwako, juu chini, juu chini. "Laini," akasema, kama mtu aliyelaghaiwa. Akanitazama. Niliona jinsi anavyotafuta mahali pa kushinda. "Sawa," akasema mwishowe. "Uso uacheni. Lakini magoti, Kioko! Magoti mpake! Au hayo nayo daktari amekataza?"

Hayajakatazwa. Na tangu siku hiyo una magoti yanayong'aa kuliko yote Machakos, na hakuna aliyetaja tena Wamunyu ila kwa likizo.

Huo ndio ushindi wetu, Mwende. Wewe umeupata kwenye beseni la maji, asubuhi na jioni, siku ambazo hakuna aliyekuwa anatazama na hakuna kilichokuwa kinabadilika. Mimi nilikuwa nadhani ushujaa ni wa watu wenye sauti kubwa. Nimeuona kwangu, umevaa kandambili, unangoja uso ukauke upake dawa.

Najua huko kuna shida ya maji. Kikombe kimoja kinatosha uso, kama hutamwazima mtu kabla yako. Najua pia kuna siku chunusi zitarudi, mtihani ukikaribia au mwezi ukigeuka, nawe utaona moja kidevuni utadhani yote yamevunjika. Hayajavunjika. Endelea tu ulivyokuwa unaendelea. Na ikiwa moja itaota ndani, kubwa, ya kuuma, usifanye nilivyofanya mimi mbele ya kile kioo. Nenda kwa nesi wa shule bila haya, na asipoweza, niite, nitakuja kukupeleka hata kama ni katikati ya ukaguzi.

Kuniita ni hivi. Barua zipitishe kwa anwani ya kanisa, maana ofisini zinafunguliwa na watu wasiohusika. Ukipata ruhusa ya simu, piga saa ya chakula cha mchana, mkubwa akiwa ametoka. Yeyote akiuliza una shida gani, sema tu unataka kumsalimu baba. Siku ya kutembelewa usinitafute kwenye kundi la wazazi wanaong'aa. Nitakuwa kando ya lango, nimepauka, nanawa sasa kama wewe, na susu atakuwa ubavuni kwangu na kopo dogo la magoti.

Na neno la mwisho, ambalo hata Mama Mutheu bado hajalijua. Usiombe kuunganishwa na masijala. Leo asubuhi nilibisha mlango wa mkubwa kabla hajaniita, nikamwambia ile kazi niliyokuwa sijamaliza nimeimaliza. Kesho nakusindikiza, kesho kutwa nahamia mbele. Kwa hiyo ukipiga, uliza kaunta. Ukija mwenyewe, ingia kwa mlango mkubwa tu: uso wa kwanza utakaouona ni wangu.

Baba yako,
Kioko